Hotuba ya Kuzindua Jumba la Bibi Arusi wa Idjwi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Waziri; Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika; Baba Padri; wapapa na wamaman wa kartie hii, yaani mtaa huu; nanyi wote mliosimama kwa sababu za kibajeti: tout protocole observé, itifaki yote imezingatiwa! (Makofi, safu ya mbele tu.)

Mimi, Didier Mushagalusa, Mkuu wa Kitengo cha Kuratibu Uratibu wa Utamaduni, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao hata Kinshasa wanausifu, ili kuzindua Projet ya Kufufua mchezo wa kuimba uitwao Bibi Arusi wa Idjwi, ambao, kama wataalamu wangu walivyothibitisha katika semina tatu na pause-café saba za kunywa kahawa, ulitungwa hapa Bukavu na Mwalimu Akonkwa mwaka wa sabini na moja. (Sauti ya mwanamke: “Sabini na tatu, papa!”) Sabini na tatu, kwa mujibu wa takwimu za hivi punde. (Kicheko.)

Mchezo huo unahusu msichana wa kisiwani Idjwi aliyeletwa mjini kuolewa na tajiri wa dhahabu wa Luhwindja, akamkataa mbele ya wageni, akapanda mtumbwi na kurudi kwao akipiga kasia mwenyewe. Bibi arusi wa kwanza ndiye huyu Maman Cibalonza mnayemwona hapa, wakati ule ana miaka kumi na tisa. Jumapili ya pili ya maonyesho umeme ulikatika, gitaa zikanyamaza, wanamuziki wakatazamana. Msichana hakunyamaza. Aliimba peke yake hadi ukumbi mzima ukamwitikia. Marehemu mama yangu alikuwamo. Alitusimulia akitwanga sombe, majani ya mihogo, na kila mara alisahau mchi hewani. Samahani, hilo halimo kwenye karatasi.

Halafu vita vikaja. Nyumba ya Mwalimu Akonkwa ikaungua pamoja na daftari la nyimbo, na mchezo mzima ukabaki kichwani mwa mtu mmoja, huyu Maman Cibalonza. Je, Serikali ililala? (Sauti nyingi: “Ililala!”) Asanteni. Haikulala. Mwalimu Ghislaine, anayewafundisha vijana na wamaman wa hapa nyimbo hizo, alituandikia barua tano akiomba mahali penye paa pa kufanyia mazoezi, maadamu Maman Cibalonza bado ana sauti. Barua zote tano tulizishughulikia: tulizipiga mihuri. Tukaunda komite, komite ikazaa komite ndogo, na leo najivunia kutangaza kwamba asilimia themanini na saba ya watazamaji wameridhika, na hao ni watazamaji ambao bado hawajaona kitu! (Makofi ya komite ndogo.)

Jumba letu, kwa hiyo, lenye viti mia sita, jukwaa linalozunguka na vyoo vya kimataifa, kwa mtazamo wa maendeleo jumuishi, endelevu na...

(Maman Cibalonza anasimama: “Mukubwa, ile salle ya viti mia sita iko wapi?”)

Maman, kaa kwanza, maswali yamepangiwa saa kumi.

(“Miye niko na miaka makumi saba na mbili. Mwaka jana nilikuwa nafikisha sauti ya juu, sasa inanikatalia. Nitaimba saa hii.”)

Maman, programu... (Anaimba: “Munipe kasia yangu, njia ya ziwa naijua.” Ghislaine anaitikia. Wamaman wanaitikia. Sauti ya juu inamkatikia. Kijana mmoja wa kike, Ornella, anaipokea na kuifikisha. Baba Padri anavua miwani na kuifuta.)

Naomba utulivu! Nimebakiza kurasa kumi na moja! (Ubeti wa pili.) Basi, kurasa zitasambazwa. Utamaduni oyé! (Wamaman wanaendelea kuimba.) Projet oyé! (Mwakilishi wa Mwakilishi, peke yake: “Oyé.”)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Maman Georgette kwa kutuazima kiwanja chake cha kuanikia mihogo, ambamo tumekusanyika kwa kuwa jumba, tukisema kiutawala, halikujengwa. Hata kiwanja cha kulijenga hakikutafutwa. Na picha ya jumba iliyo kwenye bango hili nyuma yangu ni ya hoteli fulani, niliikata kwenye kalenda. Komite nayo, tukisema ukweli mtupu, ni mimi na shemeji yangu. Nawashukuruni kwa kunisikiliza.

(Hawakumsikiliza. Walikuwa kwenye ubeti wa tatu, na Mwakilishi wa Mwakilishi alikuwa anapiga makofi kwa mdundo.)