Adalbertus, Mwizi wa Mizinga

Jumatatu, 5 Agosti
Mgongo umekufa. Siku nzima kifudifudi juu ya bawa la trekta, jukwaa refu la wachumaji linalopita juu ya matuta, nachuma matango ya Wabavaria huku Ujerumani, na kushoto kwangu amelala Roch Dudek. Hakuna pa kumkimbia. Ameongea kwa saa kumi nzima! Mwenyekiti wa kijiji chetu kule Poland amempigia simu: mwaka huu mzee wa mavuno, mkuu wa sherehe yenyewe, atatoka kwenye ukoo mkongwe kuliko yote katika vitabu vya ubatizo vya parokia. Atabeba mkate mpya pamoja na Halina, mjane wa seremala. Halina! Roch anasema babu yake ni Adalbertus Dudek, wa mwaka 1741. Adalbertus! Utadhani jina la mfalme.

Mimi pia ni Dudek. Nusu ya kijiji ni Dudek, na kila mmoja humkana mwenzake. Babu yetu sisi ni Wojciech, msaga nafaka, mtu mwadilifu. Bibi alinieleza mwenyewe.

Jumanne, 6 Agosti
Nimepekua picha za vitabu hivyo kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. Wojciech hayumo. Hata mmoja! Adalbertus wa Roch yumo, tena ameandikiwa maneno mengi pembeni. Kilatini kitupu. Roch kaniona, akasema pole, kaka, labda babu yako alibatizwa na chura. Bawa zima likacheka. Hata msimamizi Mjerumani, ambaye hajui neno la kwetu!

Jumatano, 7 Agosti
Mpishi wetu, Mama Teodora, alimtunzia padre nyumba miaka ishirini. Kilatini cha vitabuni anakijua. Nikammenyea viazi ndoo nzima, nikamwomba anisomee yale maneno ya pembeni. Akasoma: Adalbertus Dudek, msaga nafaka, aliiba mizinga mitatu ya nyuki ya padre, akasimamishwa mlangoni mwa kanisa Jumapili tatu.

Mwizi! Tena msaga nafaka. Hata kazi ya babu yangu wameiba!

Teodora alitaka kuongeza jambo. Nikamwambia asante mama, yanatosha. Nikamwandikia Mwenyekiti palepale: uzao wa Adalbertus usiguse mkate wa mavuno, milele. Mimi ni wa Wojciech.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimemweleza Roch habari ya mizinga; kageuzia uso kwenye matango yake. Matango yamekuwa matamu. Nimenyoa ndevu. Nimejaribu kutembea kama mtu aliyebeba mkate.

Jumamosi, 10 Agosti
Aibu! Mwenyekiti kapiga simu wakati wa chakula, sauti juu, kambi nzima inasikia. Aliusoma ujumbe wangu mbele ya kamati. Padre akacheka hadi akaomba maji. Eti mapadre wa zamani waliandika kila mtu kwa Kilatini, na kila Wojciech aliandikwa Adalbertus. Kijiji kilikuwa na kinu kimoja, msagaji mmoja, mwizi mmoja. Kamati imekubali ombi langu: uzao wote umefutwa. Roch nje. Mimi nje.

Nikamvaa Teodora: kwa nini hukusema? Akakoroga supu yake ya kabichi, akajibu, baba, uliniuliza kaandikiwa nini. Hukuuliza ni nani.

Roch sasa ananiita binamu. Tangu kifungua kinywa mpaka kulala: binamu, sogea, binamu, tango hilo.

Jumapili, 11 Agosti
Halina ameandika. Mzee wa mavuno atakuwa Mwenyekiti mwenyewe. Kanunua kofia. Halina anasema inampendeza sana. Sana!

Sikwenda misani. Nimeshinda na simu. Mwaka 1752 nimemkuta mtu anaitwa Hyacinthus, na pembeni yake yameandikwa maneno yaleyale ya wizi. Sasa nayajua kwa macho. Jina la ukoo limefunikwa na doa la wino, lakini hilo la kwanza ni la ajabu kabisa, kwetu halijawahi kusikika. Hawezi kuwa Dudek. Bila shaka ni wa kina Mwenyekiti. Teodora alikuwa hapo hapo anakata vitunguu, lakini ya nini kumsumbua mama wa watu Jumapili?

Nimeshatuma: uzao wa Hyacinthus nao usiguse mkate, milele. Kwa kamati nzima.