Kamera Mbili za Abdoul

Jumatatu, 2 Juni

Kamera yangu imekufa. Miaka tisa ya kazi, na imekufa kwa maji ya ubatizo! Jana kanisani, hapa Hewa Bora, niliinama juu ya birika ili nimpate mbatizwa akiibuka, uso ukimeremeta. Kamba ya shingoni ikakatika. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyeiopoa. Akaiombea. Haikusaidia.

Mchana dada yangu Chileshe amepiga simu kutoka kijijini Lukafu. Baba anaomba foto. Mzee ana miaka themanini na mbili, mtoto wake ni mpiga picha, na foto aliyo nayo ni moja tu, ile ya kadi ya uchaguzi, ambamo anafanana na mtu aliyekamatwa sokoni. Anataka nyingine: amekaa kwenye kiti chake, mbele ya nyumba, koti mwilini. Chileshe anasema anakohoa. Nimeuliza kama ni ugonjwa. Amesema labda ni uchovu. Basi nimetulia.

Nimekwenda mjini kwa Abdoul. Ni muuzaji wa vyombo vilivyotumika, mtu wa Maniema, mpole kupita kiasi. Ana kamera mbili za bei ya watu kama mimi. Moja ni ya zamani: nzito, imechubuka pembeni, lakini betri yake haichoki. Nyingine imetoka miaka kumi baadaye: nyepesi, picha zake kubwa mara mbili, inapiga hata filamu, na inatuma picha kwenye telefoni bila waya. Nimeshika hii. Nimeshika ile. Saa mbili nzima! Nimemwambia Abdoul nitafikiri hadi kesho.

Jumatano, 4 Juni

Bado nafikiri.

Nimekutana na Guelord. Guelord ni mpiga picha wa mtaa wa Bel-Air, ana umri wa miaka ishirini na nane na meno meupe. Wateja wangu wote wa harusi wamehamia kwake, eti anacheka nao. Nimejikuta nikimweleza habari za kamera mbili. Hata hakufikiri, akaniita vieux, yaani mzee.

"Vieux Mwelwa, kamata ile ya zamani. Inatosha kabisa."

Aha! Kama yeye anataka nichukue ya zamani, basi mpya ndiyo ya hatari kwake. Imeamuliwa. Mpya!

Jioni baba mwenyewe amekuja kwenye simu. Sauti imekuwa nyembamba, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Mwelwa. Koti minaisha kufula. Utakuya siku gani?"

Nimemwambia: vizuri umeshalifua koti; Jumapili, baba, kwa lori la asubuhi.

Jumamosi, 7 Juni

Ushindi. Nimemwachia Abdoul televisheni yangu iwe rehani, naye amenipa kamera mpya niijaribu. Nimeilaza mezani juu ya kitambaa safi. Nimeitazama wakati wote wa chakula. Ugali wangu wa bukari umepoa.

Lakini kuna jambo. Kesho ni Pentekoste. Huko Bel-Air kuna kipaimara, watoto mia moja na ishirini, kila mmoja na wazazi, na wazazi wa ubatizo, na majirani. Guelord atakuwepo peke yake kama simba kwenye zizi. Lukafu haihami. Baba amengoja miaka themanini na mbili, hawezi kushindwa kungoja siku mbili. Nimempigia Chileshe: nitakuja Jumanne. Ameniuliza kwa nini nisije na telefoni tu. Telefoni yangu inapiga foto, ya kwake ni ya vitufe.

Telefoni! Mimi, mpiga picha, nimpige baba yangu mzazi kwa telefoni kama mtu anayepiga sahani ya chakula! Nimemwambia asirudie.

Jumapili, 8 Juni

Sitaki kuandika.

Naandika. Nilifika wa kwanza. Nilipanga familia kwenye ngazi za kanisa, warefu nyuma, bibi mbele. Nilibonyeza. Kamera ikalia kidogo, taa nyekundu ikawaka, nikasema lo, kifaa cha kisasa. Nikabonyeza tena. Familia nyingine. Tena. Hadi saa nane.

Nyumbani nimefungua kadi. Foto: hakuna hata moja. Filamu fupi sitini na moja. Watu wamesimama kimya kama miti, wanapepesa macho, na sauti yangu inasikika nyuma ikisema msicheke sana. Kitufe cha filamu kiko karibu mno na kile kingine. Nani alikiweka pale?

Nimewapelekea wazazi kadhaa filamu zao, kwa ujasiri. Mama mmoja ameniuliza atatundikaje filamu ukutani. Wote wameenda kwa Guelord, naye amewapanga upya kwenye ngazi zilezile. Aliponiona nikipita amenipungia mkono. Sikuupokea huo mkono.

Jumanne, 10 Juni

Sikupanda lori. Ningekwendaje kwa baba na chombo nisichokiamini? Nimekwenda kwa Abdoul kubadilisha. Ya zamani ina vitufe vichache, na kila kimoja kinajua kazi yake. Abdoul ameipangusa vumbi, amenipa.

Nje ya duka nimejaribu kumpiga mwanamke aliyekaa kivulini na ndoo yake ya maembe makavu. Picha ilikuwa na chembechembe kama imemwagiwa unga. Sasa tatizo: baba hukaa kivulini siku zote. Ngozi yake ni nyeusi kabisa, kama yangu. Ya zamani itammeza! Nimerudi ndani. Nimeomba mpya. Nimefika mlangoni, nimekumbuka filamu sitini na moja. Nimerudi tena. Abdoul aliegemeza kidevu mkononi, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya Mwelwa, uko unachagua kamera ao uko unachagua bibi?"

Wateja wamecheka, eti natafuta mke. Nimeondoka na ya zamani, kichwa juu.

Chileshe amepiga simu. Baba amekataa bukari siku ya pili, anakunywa uji tu. Kila asubuhi anavaa koti, anatoa kiti mwenyewe, anakaa akitazama barabara. Nimesema Alhamisi, bila kukosa. Nimesema aache kumtia mzee wasiwasi.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikuwa kwenye lori! Nilikuwa nimekaa! Juu ya magunia ya saruji, mfuko magotini, pembeni yangu mama mwenye kuku wawili. Dereva alikuwa bado anafunga turubai. Nikatoa kamera ya zamani niikague. Nikampiga yule mama. Chembechembe tena, kwenye mashavu na kwenye paji la uso. Nikamwona baba mahali pake. Foto moja ya maisha yote, na iwe hivyo?

Nikashuka. Nikakimbia hadi kwa Abdoul, nikabadilisha, nikapanda pikipiki kurudi. Kwa jumla dakika hamsini. Kituoni palikuwa na alama za matairi na manyoya ya kuku.

Lori jingine ni Jumamosi. Si kitu. Angalau sasa nina kamera sahihi. Nimejifunza kitufe cha filamu kiko wapi. Nimekifunika kwa kipande cha plasta.

Ijumaa, 13 Juni

Chileshe amepiga simu saa tatu asubuhi. Baba amefariki.

Alikunywa uji. Akaomba koti. Chileshe alimvisha mkono mmoja, akageuka kutafuta kofia, na alipogeuka tena ilikuwa imekwisha.

Nimeketi. Nimesimama. Nimechaji betri. Sijui kwa nini nimechaji betri.

Jumapili, 15 Juni

Lukafu. Nimefika jana kwa lori, na Guelord pembeni yangu. Sikumwita. Alisikia habari mjini, akaja kituoni na begi lake, akasema tu kwamba kwenye kilio watu huhitaji foto ya marehemu. Njiani alinipa maji.

Leo asubuhi ameomba ile kadi ya uchaguzi. Ameiweka dirishani kwenye mwanga, ameipiga, kisha amekaa na kompyuta yake saa nyingi akifuta mikwaruzo na mhuri uliokata shavu. Ameichapa kwa mashine yake ndogo ya betri. Wanawake walipoiona wamelia upya. Baba hafanani tena na mtu aliyekamatwa. Anafanana na mtu aliyeulizwa swali gumu.

Nimemwambia Guelord pua haikutoka vizuri. Nimekwenda nyuma ya ghala la mahindi, nimekaa huko mpaka waliponiita kaburini.

Tumemzika saa tisa, na koti lake. Nimepiga foto mia mbili na kumi. Zote safi. Hata chembe za mchanga kwenye jembe zinaonekana. Kamera mpya ni nzuri sana.

Jumatatu, 16 Juni

Nilidhani Chileshe haongei nami kwa uchovu, kumbe alikuwa anangoja watu wapungue. Amenikuta nafuta kioo cha kamera.

"Ulikuwa na telefoni mu mufuko, Mwelwa. Siku yote mu mufuko."

Nimesema nilitaka foto nzuri. Nilitaka imstahili.

"Mwalimu wa hapa jirani alikuya na telefoni yake, mara mbili. Baba alikatala. Alisema, mutoto yangu njo photographe, nitamungojea."

Nimetaka kueleza habari za chembechembe. Amesimama, amechukua kiti cha baba, amekiingiza ndani.

Sijala leo. Guelord ameondoka na lori la asubuhi. Aliniachia nakala ya pili ya foto, ndani ya bahasha. Kwa kweli pua iko sawa.

Ijumaa, 20 Juni

Lori langu linaondoka saa sita. Nimefunga mfuko.

Shangazi Mwansa, dada mkubwa wa baba, alikuja wiki iliyopita kwa ajili ya kilio na bado yuko hapa. Ana miaka themanini na sita, jicho moja halioni, sikio moja halisikii. Leo amejitokeza uani ameoga, amevaa kitenge kipya na kitambaa chake cha kichwani. Amekaa kwenye gogo karibu na ukuta, amenyoosha mgongo.

"Na miye unipige foto, mutoto yangu. Niko muzima, ona."

Mwanga ulikuwa mzuri. Nimetoa kamera. Nimemtazama kupitia kioo kwa muda mrefu. Alikuwa hapumui, ili asiharibu.

Ndipo nikakumbuka. Jana Abdoul amenitumia ujumbe: amepata kamera ya tatu, iliyotoka katikati ya zile mbili. Ina uimara wa ile ya zamani, na kivulini, anasema, ni bora hata kuliko mpya. Na mimi nimejifunza, kwa machungu, hasara ya kutoandaa kazi vizuri. Sitakosea mara ya pili. Si kwa shangazi.

Nimerudisha kamera mfukoni. Nimemweleza polepole, kwenye sikio lake zuri, kwamba nitakuja mwezi wa nane na kifaa kinachomfaa. Amesema hakuna neno. Ameniuliza kama angoje pale pale au aingie ndani. Nimemwambia aingie, jua limeanza kuwa kali.