Daftari la Watoaji Unga

Jumatatu, 18 Desemba 1995

Shule zimefungwa. Padri ametangaza: tukusanye unga wa Noeli kwa watoto waliolazwa hospitalini, kila mtu mzima atembee na mtoto mmoja. Nilijitolea kabla hajamaliza sentensi. Symphorien, jirani yangu anayeimbia puani, alikuwa ameshainua mkono. Sitashindwa na mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu hadi mwisho! Mimi natembea na Danielle, binti yangu wa miaka tisa. Rafiki yake Dodo amelazwa huko, mguu umevunjika, anakula uji mara moja kwa siku. Danielle amemwahidi bukari, ugali wetu wa huku, siku ya Noeli. Mimi nimemwahidi bukari na haki.

Jumanne, 19 Desemba

Mpango: daftari. Atakayetoa ataandikwa. Atakayenyima ataandikwa kwa wino mwekundu, na orodha itasomwa kanisani. Aibu hujaza gunia kuliko huruma. Nyumba ya kwanza, kikombe kimoja. Nyumba ya pili nilieleza wizi wa mali ya umma, dakika ishirini tu. Mama mwenye nyumba akasema makaa yake yanaisha bure jikoni. Hadi jioni, vikombe kumi na kimoja. Symphorien, wanasema, nusu gunia. Bila kuandika jina hata moja! Huo si ukarimu, ni fujo.

Jumatano, 20 Desemba

Asubuhi vikombe kumi na saba. Halafu balaa. Katika mji huu ambamo mishahara imegeuka hadithi, mtu mwenye gunia na daftari anajulikana kwa jambo moja: anagawa. Nilikaa nje kwa Mama Christiane, nikafungua ukurasa. Nilipoinua macho, wanawake walikuwa wamepanga mstari, sahani mikononi. Nikaeleza. Nikaeleza tena, nikianzia mwaka wa uhuru. Mama Christiane akanikatiza: "Papa Evariste, andika na miye. Tuko nane mu nyumba."

Nikamwandika, kwa adabu. Kosa ni lao.

Danielle akanivuta shati. "Papa, ile kaye ifiche. Bantu banawaza tuko tunagabula bunga."

Nikamjibu kwamba daftari la ukweli halifichwi.

Alhamisi, 21 Desemba

Majina ya wanaosubiri kugawiwa: sitini na mawili. Wamenifuata hadi nyumbani. Mzee mmoja akauliza, kwa sauti, kama unga wao nimeula pamoja na Symphorien. Pamoja na Symphorien! Nikafungua gunia. Kikombe kimoja kwa kila jina, kwa mpangilio. Gunia liliishia jina la ishirini na nane. Nikaendelea na unga wa mke wangu, Emérance. Emérance ameninyang'anya ufunguo wa stoo. Danielle amelia, amekaa mlangoni. Akauliza Dodo atakula nini sasa. Nikamwambia alaumu utawala.

Jumamosi, 23 Desemba

Danielle ametoka na beseni. Bila ruhusa! Bila daftari! Nikamfuata kwa mbali, kwa ajili ya usalama. Anasalimia, anasema: "Mama, Dodo iko ku hospitali. Niko natafuta bunga yake ya Noeli." Basi. Hata neno moja kuhusu serikali! Mama Christiane akarudisha kikombe nilichompa, akaongeza kingine. Wale wa mstarini wakafanya vilevile. Beseni lilijaa mara mbili. Mara ya pili alilibeba Symphorien begani, akiimba.

Jumatatu, 25 Desemba

Watoto wamekula. Dodo amemaliza sahani mbili, Danielle amekaa kitandani kwake akimhesabia matonge. Padri aliwashukuru Danielle, akina mama na Symphorien. Mimi hakunitaja hata kwa kikohozi. Nimeanza barua kwa askofu.

Jambo liko wazi: akina mama walitoa kwa sababu walikuwa wameshaandikwa. Mtoto alifuata tu orodha yangu. Kwa ajili ya Pasaka nimekwisha kuchora safu nne: jina, nyumba, kiasi, sababu ya kutotoa. Hiyo ya nne nimeipa ukurasa mzima.