Mtaalamu Aliyepindua Ufuta

Jamani, leo nimeaibika mbele ya shamba zima.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Mimi ni mshauri mwandamizi. (Kaeni vizuri.) Kampuni yetu ya ushauri hainiweki fungu moja na vijana waliotoka chuoni jana, mimi nimeajiriwa kwa uzoefu. Miaka tisa nimezishauri benki za Dar namna ya kupanga foleni. Kwa hiyo, kwa akili za ofisi yetu, ufuta naujua.

Kipindi changu cha majaribio kinaisha mwezi huu. Meneja wangu, Edna, alinipasulia tukiwa njiani: "Ziara hii ya Kilwa ndiyo itakayoamua kama unabaki."

Kazi yenyewe? Kuwafundisha wakulima kupunguza upotevu wa mazao baada ya mavuno.

Asubuhi tukafika Kiranjeranje, shambani kwa Bi Somoe. Kanga kiunoni, macho ya mtu aliyekwisha kuwaona washauri wengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutufunza?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Ufuta umewahi kulima?"

"Nina uzoefu mpana." (Mungu ananiona.)

Ufuta wake ulikuwa umevunwa, umefungwa matita, umeegemezwa kwenye kichanja. Matita yote wima, makavu, ya rangi ya dhahabu iliyochoka, yakinong'ona kila upepo ukipita. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini umesimamishwa. Mwenye uzoefu haulizi. Mwenye uzoefu anatafuta picha ya jalada la ripoti.

Nikamkabidhi Edna simu. "Nipige picha nikiwa nimebeba."

Nikaliendea tita nono kuliko yote.

"Mwanangu, hilo usiliguse!" akasema Bi Somoe.

"Usijali mama, si zito."

"Nani kasema zito?"

Nikalinyanyua, nikalitupa begani, vichwa chini.

Sasa niwaeleze jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua. Ufuta ukikauka, vijumba vya mbegu hufunguka kwa juu. Ndiyo maana husimamishwa. Ukiuinamisha tu, unamwagika. Basi hauinamishwi ila juu ya turubai.

Mimi sikuwa juu ya turubai.

Ulishuka kwa sauti nzuri, naapa, kama mvua ya kwanza juu ya makuti. Ukaingia kwenye kola, ukateremka mgongoni, ukajaa kwenye suruali. Uliobaki ukaenda mchangani. Nikashtuka, nikageuka kutazama nyuma. Tita likafagia kichanja. Mengine manne chini!

"Yallah! Ufuta wangu!" Bi Somoe akashika kichwa. "Simama hapo hapo! Usitikisike!"

Alidhani nitakimbia na mbegu zake. (Hakukosea.) Jirani zake wawili wakaleta turubai, wakalitandika, wakanisimamisha katikati.

"Chomoa shati," akaamuru. "Vua viatu. Haya, ruka!"

"Mama..."

"Ruka, mwanangu! Huo ufuta ni wa mnada wa wiki hii, na wenye mchanga unakataliwa!"

Mshauri mwandamizi akaruka. Kila nikiruka, ufuta unashuka kwenye miguu ya suruali, na wale jirani wanapiga vigelegele. Edna hakuacha kurekodi hata kidogo.

Kisha nikapewa ungo nipepete ule uliozoleka na mchanga. Nikapepeta mara mbili. Mbegu zikaruka, mchanga ukabaki.

"Hebu lete," Bi Somoe akaninyang'anya. "Huko mjini wanakulipa kwa hili?"

Nikamsogelea Edna, nikauliza kwa sauti ndogo kama kazi bado ninayo.

"Majaribio nimekuongezea miezi mitatu," akasema, akipanda gari. "Utayafanyia hapa."

"Na nani atanisimamia?"

Akaelekeza kidole kwa Bi Somoe.

Chekeni, lakini polepole: msimamizi wangu ana masikio makali, na ameshanikabidhi ufagio.