Kuni za Mwanyumba Clarence

Jumatatu, 1 Julai

Mzee Alvin Kubena, baba mkwe wangu, ametangaza rasmi. Magoti yamemshinda, hawezi tena kusimama kutwa akichochea moto. Tanuri lake la kuokea nyama kwa moshi, lile alilolichomelea mwenyewe kwa bomba la mafuta, atalirithisha Jumapili ukoo ukikutana baada ya misa. Atakayeleta kidari cha ng'ombe kitamu kuliko vyote ndiye mwenyewe.

Washindani wawili tu. Mimi, Delbert Hruska, na Clarence Wotipka, aliyemwoa dada wa Bernice, mke wangu. Mwenye tanuri husimama mbele na kisu mkononi, na ukoo mzima humpangia foleni. Mimi miaka yote napewa kazi ya kupanga viti. Inaniuma, sifichi. Jumapili hii viti atapanga Clarence.

Jumanne, 2 Julai

Nyama ninayo. Kuni sina. Si tatizo: nusu ya Texas imejaa miti ya miiba ya mathenge, na jirani ananiomba kila siku nimsaidie kuing'oa. Nimewasha na kujaribia soseji. Moto mkali ajabu. Soseji zimetoka nyeusi nje, mbichi ndani.

Bernice akasema mathenge ni ya kubabua nyama ya haraka, si ya kidari kinachokaa motoni kutwa nzima; kwamba hata watoto wa shule wanajua kidari kinataka mwaloni. Nikamwambia kosa ni la soseji. Akasema akili nyingi huondoa maarifa. Mshindi habishani.

Jumatano, 3 Julai

Nimekwenda kumjulia hali Clarence. Kujulia hali tu. Akanipokea kwa kelele: "Karibu, mwanyumba! Umekuja kunisalimu au kuniroga?" Mkewe akacheka mno. Halikuwa jambo la kuchekesha kiasi hicho.

Nyuma ya ghala lake kuna mwaloni umepangwa safu kwa safu, umenyooka kama nguo za duka. Wivu ulinishika, nakiri. Clarence akaokota vipande viwili, akavigonganisha, akaniambia nisikilize mlio. Akaendelea kunisomesha habari za safu ya mbele na safu ya nyuma, ipi ya lini, ipi inangoja nini. Sikusikiliza. Nilikuwa natazama lango. Halina kufuli.

Alhamisi, 4 Julai

Sikukuu ya uhuru. Watu wote wameenda mjini kutazama gwaride. Mimi nimeshikwa na tumbo.

Tumbo lilipona walipotoweka barabarani. Nikarudisha gari kinyumenyume hadi langoni kwa Clarence, nikajaza kuni kutoka safu ya mbele. Iko karibu, na mtu mwenye tumbo hapaswi kutembea sana. Si wizi, baina ya wanyumba hakuna wizi. Kuni nzito hizo! Mgongo unaniuma hadi sasa. Uzito ndio ubora, kila mtu anajua. Zimenilowesha hata shati.

Jumamosi, 6 Julai

Nimewasha alfajiri. Zilikataa kushika, nikazilazimisha kwa magazeti. Kisha ukaja moshi. Mweupe, mzito, wa kukatwa kwa kisu. Jirani alikuja mbio na ndoo, akidhani banda la kuku linaungua. Nikamwambia huo ndio moshi wa kitaalamu. Kuni zinafoka mapovu kwenye ncha. Nadhani ni utamu unatoka.

Bernice akaja, akamega kipande kidogo cha ukingoni, akatafuna, akatema. Akasema ulimi umekufa ganzi. Akaenda zake nyuma ya banda la kuku, kwenye lile pipa bovu la marehemu shangazi yake, na hakurudi kutwa. Amesusa. Wanawake hawavumilii mashindano.

Jumapili, 7 Julai

Kidari changu kilionjwa kwanza. Mzee Alvin alitafuna kwa muda mrefu, akaomba maji, akaomba tena. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimepika nyama au nimepaka lami. Clarence akaonja naye. Akavuta harufu, akatabasamu, na mbele ya ukoo mzima akasema: "Mwanyumba, hizi kuni nilizikata mwezi wa tano. Mbichi kabisa! Zinangoja mwakani. Kavu ziko safu ya nyuma. Si ungeniomba tu, ningekupakilia mwenyewe?"

Watu walicheka hadi mbwa wakabweka. Nilitamani ardhi inimeze na trei yangu.

Kidari cha Clarence kilikuwa kizuri. Ndipo Bernice akaweka mezani trei yake. Nami nikashangaa kama wengine. Kwenye pipa lile alikuwa ameoka kidari chake kwa moshi wa matawi makavu ya mpekani, mti wa njugu, ulioanguka kwetu mwaka juzi. Mzee Alvin alikula kipande, cha pili, cha tatu, kisha akafuta mikono na kumkabidhi binti yake ufunguo wa banda la tanuri. Clarence akampigia makofi. Mimi nilipanga viti.

Jumatatu, 8 Julai

Tanuri limeletwa kwetu. Kwetu! Nimefikiri vizuri, na kwa hesabu yoyote ile, nimeshinda. Kilichoingia uani kwa mke kimeingia uani kwa mume.

Bernice ametoa sharti moja: nisiguse mlango wa moto, nisiguse nyama, kazi yangu ni kuni tu. Amedhani ameniadhibu. Mkuu wa kuni ndiye mkuu wa kila kitu.

Kwa Clarence sasa kuna kufuli kubwa. Hainishughulishi. Nyuma ya stesheni ya zamani nimegundua rundo la mataruma, yale magogo ya kulazia reli, yametupwa, hayana mlinzi. Makavu tangu enzi za babu zetu, na yamelowa mafuta meusi ya kuulia mchwa hadi kiini. Kijiti kimoja cha kiberiti kitatosha.

Bernice hajui bado. Nimeshapanga yote safu ya mbele.