Aliyeganda Kikaoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo ndiyo leo. Tumerudi ofisini! Miaka miwili ya kufanyia kazi jikoni, shati la ofisi juu na kaptula chini, imekwisha. Suruali imenikataa. Kifungo kimeruka hadi chini ya kabati. Mke wangu kasema suruali haijapungua, mimi ndiye niliyeongezeka. Akanisindikiza mlangoni, akafunga kwa ufunguo. Nikamsikia akiimba. Furaha yote hiyo ya nini jamani?

Ofisi ni ile ile. Kalenda ukutani bado iko kwenye mwezi ule tulioambiwa twende nyumbani. Ukumbini viti vya magurudumu vimejaa, maana ndiyo kazi ya shirika letu, kuwapa viti wasioweza kutembea na kuvitengeneza vikiharibika. Harufu ya grisi ya Fundi ikanipiga puani, machozi yakanilengalenga. Sikujua kama nimeimisi grisi. Asante Mungu kwa grisi.

Shukrani zikaishia dirishani. Meza yangu kaikalia Mhasibu! Anadai yeye kawahi. Na chai anainywea kikombe changu, kile chenye picha ya jogoo. Sawa bwana. Dunia duara.

Halafu Mkurugenzi katupa bomu. Mikataba inaisha mwezi huu. Keshokutwa kila mmoja atasimama kikaoni aeleze hasa alifanya nini muda wote tuliokaa nyumbani. Asiye na la kusema, basi tena, atafute pengine. Alisema kwa upole. Mama huyu akiwa mpole, ujue kimenuka.

Jumanne, 4 Machi

Nilifanya nini? Nimekuna kichwa tangu asubuhi. Nimemuuliza mke wangu. Kasema niliunguza maharage mara mbili na kuwafundisha watoto kuiba kwenye karata.

Ukweli niuandike hapa hapa. Kila kikao cha kwenye skrini kilipokwisha, masufuria yalikuwa yananingoja. Basi nachukua simu, natoka ngazi za uani, nawapigia watu wetu wa viti. Yule bibi mshonaji. Yule golikipa mstaafu. Naanza kwa kuuliza hali ya tairi, tunaishia kwenye umbea na mpira mpaka masufuria yameoshwa na mwingine. Hiyo nayo ni kazi? Porojo tu!

Na vikaoni nilikuwa na kipaji kimoja. Nikiulizwa swali gumu, naganda. Mdomo nusu wazi, jicho moja limelegea, sipepesi. Wenzangu wanasema maskini, mtandao wake umeganda, wanaendelea na mwingine. Sikuwahi kushindwa.

Mpango wa kesho: nikae kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango. Wenzangu wana maneno mengi. Zamu yangu ikifika, chakula cha mchana kitakuwa kimefika, na hakuna anayesikiliza mtu akiwa na njaa. Mimi mjanja, bwana!

Jumatano, 5 Machi

Mhasibu kapendekeza tuanzie nyuma. NYUMA! Nyoka huyu!

Nikasimama. Mkurugenzi akaniuliza nilifanya nini. Macho yote kwangu. Na mwili, bila kuniuliza, ukafanya ulichozoea. Mdomo nusu wazi. Jicho moja likalegea. Nikangoja waseme mtandao.

Hawakusema mtandao. Mtandao upi, na nimesimama mbele yao kama mlingoti?

Mhasibu ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza. Fundi akaja mbio na kiti kipya kabisa, bado kina nailoni, wakanibwaga humo. Tukatoka ofisini, tukavuka barabara, magari yanatupigia honi, Fundi anasukuma, Mhasibu kanishika mkono huku kiatu kimoja kimemtoka na hageuki kukiokota. Ningewaambia simameni. Nilitaka, wallahi. Lakini mtu aliyeganda anaanzaje kuongea katikati ya barabara? Na kile kiti, niseme kweli, kinateleza vizuri.

Zahanati, muuguzi kavuta pazia, kaniuliza imekuwaje. Nikamnong'oneza ukweli: niliganda. Kaniuliza ni nini kimeganda, damu? Kabla sijajibu, nje ya pazia nikamsikia Mhasibu akilia kwamba damu imeganda! Muuguzi kanipima kila kitu. Kasema sina ugonjwa, niwe napata kifungua kinywa, na suruali nitafute kubwa zaidi. Haya hayakutoka nje ya pazia. Yale ya damu yalishafika ofisini kabla yetu.

Alhamisi, 6 Machi

Nikitaka kusahihisha, sijui pa kuanzia. Meza ya dirishani nimerudishiwa. Juu yake kikombe cha jogoo, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na sahani ya matunda. Fundi kaniwekea mto kitini. Nimekatazwa kuinua hata faili. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hao hawakuwahi kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

Mhasibu akaja akakaa kando yangu. Akaanza kulia, mtu mzima na tai yake. Kasema anaishi peke yake, na miaka yote ile sauti zetu za vikaoni ndizo pekee zilizoingia nyumbani kwake. Meza ya dirishani aliitaka kwa sababu mtu akiikalia huwaona wenzake wote wakija asubuhi. Kaniomba nisife. Nikaona haya mpaka masikioni. Nikamwambia avute kiti, meza inatutosha wawili. Halafu nikala ndizi nyingine, maana sikujua la kufanya.

Kumbe Fundi naye kamwambia golikipa mstaafu habari ya damu alipoleta kiti kutengenezwa. Basi! Simu ya mapokezi haikunyamaza. Bibi mshonaji kasema mvua iliponyesha wiki nzima na hakuna aliyemjia, simu yangu ndiyo iliyokuwa ikimjia. Ni kwa maongezi yale yale breki yake ilijulikana imelegea kabla haijamwangusha. Golikipa kauliza, nikifa, yeye atabishana na nani? Mkurugenzi alikuwa amesimama pale mapokezi. Alisikia yote, akaingia ofisini kwake.

Nalala mapema. Sikustahili. Lakini nilifurahi, kwa nini nijifiche kwenye shajara yangu mwenyewe?

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa kwa Mkurugenzi. Nikaenda najikongoja na mpini wa fagio kama mkongojo.

Kaniambia niuweke chini huo mpini. Muuguzi ni mdogo wake, toka nitoke, baba mmoja mama mmoja. Nikauweka.

Hakuishia hapo. Kumbe hata kule kwenye skrini walijua, wote, tangu wiki ya kwanza. Mimi nimeganda, na feni nyuma yangu inazunguka! Siku moja mke wangu alipita na ndoo, akarudi, akapita tena. Hawakusema kwa sababu siku zile zilikuwa nzito na mimi ndiye niliyekuwa nikiwachekesha. Jumatano waliogopa kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu mwenye akili zake ataganda bila kompyuta.

Nikangoja kufukuzwa. Kasema mkataba wangu umeongezwa. Swali lake watu wa viti wamenijibia. Zile porojo ndizo kazi yangu sasa, kila asubuhi, mezani, bila masufuria. Nikalia. Mungu hamtupi mja wake, hata mja mwongo.

Ana sharti moja tu. Jumatatu nisimame kikaoni, niwaambie wote ukweli kwa kinywa changu, niwashukuru. Nimeapa. Nimekoma. Sitaganda tena maishani.

Jumatatu, 10 Machi

Shukrani nilikuwa nazo zote ulimini. Fundi kwa kunisukuma, Mhasibu kwa kiatu chake, Mkurugenzi kwa moyo wake, hata muuguzi kwa ulimi wake mrefu. Ninawapenda watu hawa. Nimesimama nikiwa nimeshaanza kutabasamu.

Kabla sijafungua mdomo, Mhasibu kauliza kwa huruma kama damu yangu sasa imeshayeyuka. Macho yote kwangu.

Nikaganda.

Mdomo nusu wazi. Jicho moja limelegea. Ndani najilaani, nje sipepesi. Mhasibu akanitazama, akaitazama feni ya ukutani, akanitazama tena. Taratibu akawaambia wenzake kwamba feni inazunguka.

Ukumbi ukalipuka! Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Mkurugenzi alifuta macho kwa mtandio. Mhasibu alinikumbatia hivyo hivyo nilivyo, mkavu kama ubao. Nilitamani kucheka nao, ila mtu akishaanza kuganda lazima amalize. Fundi akaleta kile kiti kipya. Nikakaa.

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Kesho nitawaambia mtandao umerudi.