Italia ya Othman Boga Iliishia Mwezi Juni

Mwaka wa pili wa Uhuru, wageni wenye tai walipokuwa wakizunguka Diani kuulizia mashamba ya ufukweni, Othman Boga alisimama dukani Msambweni akinunua sigara moja. Nyuma yake mwanamke alisema, "Mimi nimechoka kuitazama minazi. Ningepata wa kunipeleka, ningeizunguka dunia."

Othman hakugeuka papo hapo. Aliiwasha sigara, akapuliza moshi, ndipo akageuka kama mtu aliyegeuka kwa bahati tu. Alikuwa Bimkubwa, mjane wa Galu, mwenye shamba la minazi linaloshuka hadi mchangani. Kwa shamba kama lile, tajiri mmoja wa hoteli alikuwa amemwahidi Othman gari.

"Shikamoo, mama. Nimekusikia ukiitaja dunia. Mimi nimerudi juzi tu kutoka Italia."

"Marahaba, mwanangu. Italia yenyewe?"

"Yenyewe. Roma, Venisi, Florensi, Pisa. Miji mikongwe, mama, ina miaka kupita hesabu."

Tumtendee haki Othman. Hakusema uongo zaidi ya kalenda yake ilivyomruhusu. Aliwahi kumpikia chai fundi wa Kitaliano aliyejenga hoteli, na fundi alipoondoka alimwachia viatu vyeupe na kalenda ya picha za miji ya kwao. Nusu ya kalenda iliungua jikoni. Ndiyo maana Italia ya Othman iliishia mwezi Juni.

Alasiri hiyo alikuwa barazani kwa Bimkubwa, amevaa viatu vyeupe, anakunywa kahawa na kumwonyesha kalenda yake. Jirani, Kadzo, alikuja na ukili wake wa kusuka ili asikose neno.

"Venisi," Othman alisema, "barabara zote ni maji. Ukitaka kwenda sokoni, unapanda mashua mlangoni."

"Hayo ni mafuriko," alisema Kadzo. "Masika iliyopita nami nilikuwa Venisi, jikoni kwangu."

"Si mafuriko, dada. Ni ustaarabu. Na Pisa kuna mnara umeinama hivi, lakini hauanguki."

"Na fundi wake hakushitakiwa?"

"Watu wanatoka duniani kote kuutazama!"

"Basi waambie waje wakitazame choo changu."

Bimkubwa alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akauliza kwa upole, "Na ukiwa huko Venisi, mwanangu, ulikuwa ukiswali?"

"Nisiswali, mama! Vipindi vyote vitano."

"Ukielekea wapi?"

Othman alinyoosha kidole upande ule ule ambao watu wa Galu huelekea tangu msikiti wao ujengwe. "Kaskazini, mama. Kibla ni kibla."

"Kweli," alisema Bimkubwa, akamwongezea kahawa.

Sasa, marehemu mumewe alikuwa baharia. Alikuwa ametia nanga Venisi mara kadhaa, na kila akirudi alimsimulia mkewe jinsi ilivyo ajabu kuswali huko akielekea kusini-mashariki, kwa sababu Makka ameiacha nyuma. Tangu kidole kile kiliponyooka, Bimkubwa alijua anamnywesha kahawa yake nani.  Mwanamke mwenye adabu hamkatizi mgeni anapojichimbia shimo.

Wakapatana. Othman angempeleka katika miji yote, naye angempa shamba.

"Ila mimi siondoki kimyakimya kama mwizi," alisema Bimkubwa. "Safari ya mbali yataka dua na watu wale. Na kiongozi wa safari ndiye anayechinja. Watu wakishashiba, mbele ya shehe na majirani, nitatamka neno la shamba."

Shehe na majirani! Othman aliona mashahidi wamejileta wenyewe. Aliuza baiskeli yake na saa ya mkononi, akanunua fahali mnene kwa Kaingu, mfugaji wa Kinango, na mchele wa kutosha Galu nzima.

Siku ya dua watu walijaa uani. Walisoma, wakala pilau, wakarudia. Othman alikaa karibu na Shehe Abdurahman, akilitazama shamba na kuchagua mahali pa kuegesha gari.

Bimkubwa akasimama. "Jamaa zangu, niwieni radhi. Marehemu mume wangu alifariki mwaka wa ukame, nikashindwa kumfanyia hitima. Mmenivumilia, hamkunisema. Leo mmekula hitima yake, na aliyechinja ni kijana huyu. Ama neno la shamba, ni hili: minazi ile aliipanda marehemu kwa mikono yake. Siiuzi, wala sisafiri."

Othman alimvuta leso. "Mama! Na Italia?"

"Marehemu alinisimulia yote, mwanangu. Hata Julai na Agosti."

Othman alifungua kinywa amdai fahali wake. Lakini fahali wa hitima ni sadaka ya maiti, hadaiwi, hasa akiwa ameshaingia tumboni mwa shehe.

Shehe Abdurahman akainua mikono. "Mola amlipe kijana huyu, aliyemtendea wema maiti asiyemjua, bila kutaka kitu."

Umati mzima ukamgeukia Othman, ukingoja.

"Amin," alisema.

Hadi leo watu wa Galu husema hawajasikia tena amin iliyotoka ndani sana kama ile.